Almanaka ya Mfumaji na Daftari la Mama

Tarehe 2 Januari mwaka jana nilikaa katika chumba changu cha kupanga Changanyikeni, feni ikizunguka kwa nguvu zake zote, nikachora jedwali la vitu kumi na viwili ambavyo ningevifuma ndani ya mwaka. Kitu kimoja kila mwezi. Januari sweta yangu mwenyewe. Februari soksi za mtoto wa dada. Machi kofia. Aprili blanketi. Nilitumia rula, na kila mwezi nikaupaka rangi yake. Mtu angechungulia angedhani ni ratiba ya tasnifu, ambayo kwa kweli ndiyo niliyopaswa kuwa naichora.

Wazo halikuwa langu. Miezi miwili kabla, kwenye meza ya vitabu vya mtumba katikati ya jiji, nilinunua kwa bei ya chipsi mayai na soda kitabu chembamba cha Elizabeth Zimmermann kiitwacho Knitter's Almanac, yaani Almanaka ya Mfumaji. Kilitoka Marekani mwaka 1974. Kina sura kumi na mbili, kila sura mwezi mmoja, na kila mwezi una kitu chake cha kufuma. Nilikisoma kwa siku mbili, nikakirudia, halafu nikafanya kile ambacho wasomaji wengi wa kitabu hicho hukifanya: nikaamua kwamba na mimi mwaka wangu utakuwa hivyo.

Makala hii ni uhakiki wa kitabu hicho. Ila sikukisoma peke yake. Katikati ya mwaka nilijikuta nakisoma sambamba na maandishi ya mfumaji mwingine, ambayo hayajawahi kuchapishwa wala hayatachapishwa: daftari la oda la mama yangu, fundi sweta wa Njombe. Vyote viwili vinapanga mwaka. Swali langu ni dogo: mwaka huo unaopangwa ni wa nani?

*

Zimmermann alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akaolewa na Mjerumani, wakahamia Marekani. Baadaye waliweka makazi katika jimbo la Wisconsin, kwenye jengo lililokuwa shule zamani. Kutoka hapo aliuza nyuzi, vitabu na maelekezo kwa njia ya posta, na shughuli hiyo akaiita Schoolhouse Press. Kitabu chake cha kwanza, Knitting Without Tears, kilitoka mwaka 1971. Almanaka ilifuata miaka mitatu baadaye.

Kabla ya vitabu aliwahi kuwauzia magazeti maelekezo yake, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Yeye alipenda kufuma kwa mzunguko, kwa sindano mbili zilizounganishwa na waya, sweta itoke kama bomba bila mishono ya ubavuni. Wahariri waliyaandika upya maelekezo yake yawe ya vipande vya kushonwa, kwa sababu ndivyo wasomaji wao walivyozoea. Akachoka, akaanzisha jarida lake dogo ili aseme mwenyewe alichotaka kusema. Nalitaja hili kwa sababu sauti ya Almanaka imetoka katika ugomvi huo. Ni sauti ya mtu aliyeamua kwamba hatawekewa maneno mdomoni tena.

Ukishawahi kufuma kwa kufuata maelekezo ya kawaida, unajua yalivyo. Ni kama tokeni ya Luku: namba ndefu unayoiingiza kama ilivyo, bila kujua kwa nini tarakimu ya saba ni tatu, na ukikosea moja umeme hauwaki. Zimmermann hakupi tokeni. Anakaa karibu yako anazungumza. Anakuambia hali ya hewa ilivyo nje, anakuambia habari za nyumbani kwake, anabishana na mabingwa ambao hawapo chumbani, halafu katikati ya mazungumzo unagundua kwamba ameshakufundisha. Maelekezo mafupi yanakuja mwishoni mwa sura, kwa mtu mwenye haraka. Kitabu chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya asiye na haraka.

Kwa msomaji wa Kiswahili utanzu huu si mgeni hata kidogo. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni maandishi ya maelekezo pia. Mama anamwita binti yake, anamwambia alete wino na karatasi, kisha anampa mambo ya kufanya. Nilipokuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili tuliusoma kama maadili, kama historia, kama ushahidi wa nafasi ya mwanamke. Sikumbuki kama kuna siku tuliusoma kama maelekezo, tukauliza swali ambalo kila maelekezo yanastahili kuulizwa: haya yakifuatwa, siku ya anayeyafuata itakuwaje? Ataamka saa ngapi? Atamfanyia nani nini, na saa ngapi atakuwa na nafasi yake? Nimelikopa swali hilo niliulize kitabu cha Zimmermann.

*

Nianze na kinachofanyika vizuri, maana ni kingi.

Kwanza, kitabu kinamwamini msomaji. Chukua shali ya Julai, ambayo wafumaji wengi wanaijua hata kama hawajakisoma kitabu. Zimmermann anakwenda kupiga kambi, anataka kazi nyepesi ya kubeba. Shali yake ni duara, na siri yake ni hesabu ya darasani: kipenyo cha duara kikiongezeka maradufu, mzingo nao unaongezeka maradufu. Basi unaanza na vitanzi 9, yaani zile pete ndogo za uzi zinazokaa kwenye sindano. Unafuma mzunguko mmoja, unaongeza viwe 18. Unafuma mizunguko 3, viwe 36. Mizunguko 6, viwe 72. Mizunguko 12, viwe 144. Mizunguko 24, viwe 288. Mizunguko 48, viwe 576. Ni hayo tu. Katikati ya maongezeo hayo unaweza kuweka nakshi yoyote uitakayo, au usiweke. Ukishaelewa kwa nini, karatasi unaweza kuichana.

Ndivyo ilivyo pia kanuni yake ya asilimia kwa sweta. Pima kifua, zidisha kwa idadi ya vitanzi katika inchi moja, hiyo ndiyo mia kwa mia. Kama ni inchi 40 na vitanzi 5 kwa inchi, mwili una vitanzi 200. Kwenye kiwiko cha mkono, pale unapoanzia, unaweka asilimia 20, yaani 40. Juu ya mkono, karibu na kwapa, ni kama theluthi, yaani vitanzi 66 hivi. Mwili wa mtu mwenyewe ndio unaotoa namba, gazeti halina kauli.

Pili, na hili ndilo lililonifanya nikipende, kitabu kinajua kwamba anayepanga ni binadamu. Novemba anafundisha soksi ambazo wayo wake umefumwa kwa namna ambayo ukichakaa unafumuliwa na kufumwa mwingine, sehemu ya juu ikabaki ilivyo. Desemba ni sweta ya haraka, ya uzi mnene, kwa mtu ambaye Krismasi imemkuta hana zawadi. Fikiria hilo. Katika kitabu cha kupanga mwaka, mwezi wa mwisho umetengwa kwa ajili ya waliochelewa. Kiswahili kingemfaa mwandishi huyu, maana kwetu kufuma na kufumua ni ndugu wa tumbo moja, na fundi anayeona haya kufumua hajawa fundi.

Wengi wanaoiga Almanaka leo wameuacha upande huo. Wanachukua vyumba kumi na viwili na kuacha uchakavu na uchelewaji. Nami nilikuwa mmoja wao. Katika jedwali langu lenye rangi hapakuwa na mwezi wa kuchelewa.

*

Kasoro ya kwanza niliyoiona ni ya majira, na ilinichukua wiki moja tu kuiona.

Almanaka inafuata majira ya Wisconsin. Mei anafuma glavu za majira ya baridi yajayo, na miezi ipo ya kutosha mbele yake. Julai kuna joto la kupiga kambi. Nyumbani kwetu Njombe, Julai asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, na anayefuma glavu Mei anazivaa Juni. Na mimi sikuwa Njombe wala Wisconsin. Nilikuwa Dar es Salaam, Januari, nimeweka mapajani sweta ya akriliki kutoka Kariakoo, uzi unang'ang'ania vidole vyenye jasho. Nikipanda nayo daladala watu wanahama viti. Kondakta mmoja aliniuliza kama naumwa.

Januari ilipoisha nilikuwa na sentimita kumi na tano za sweta. Soksi za mtoto wa dada nilizimaliza Februari. Kofia ya Machi ilifika nusu. Aprili, masika ikinyesha, sura ya pili ya tasnifu yangu ilirudi kutoka kwa msimamizi ina wino mwekundu kila ukurasa, na sikufuma hata mstari mmoja.

Ningeweza kulisahihisha hili kwa kusogeza miezi. Mwaka una milango mingi. Watu wa Makunduchi, Unguja, wanaupokea mwaka wao Julai kwa sherehe ya Mwaka Kogwa. Mkulima wa Njombe mwaka wake unafunguliwa na mvua za mwisho wa Novemba. Ningegeuza jedwali, shali ya Julai nikaifuma Aprili, kila kitu kikakaa sawa, na makala hii ingekuwa ya kulalamikia hali ya hewa. Lakini mwishoni mwa Mei nilikwenda nyumbani. Tasnifu inaandikika popote penye umeme, nilijiambia. Nilibeba kompyuta, kitabu cha Zimmermann, na sweta ya sentimita kumi na tano.

*

Mama anafuma sweta za shule. Ana mashine ya mkono aliyoinunua ikiwa tayari imetumika na mtu mwingine, ile ya kigari unachokisukuma kushoto na kulia, na kila kikipita mstari mmoja unakuwa umefumwa. Mwili na mikono anavitoa kwenye mashine. Shingo ya V na ukingo wa chini anamalizia kwa sindano, halafu anaunganisha. Marooni, bluu bahari, kijani kilichokolea, kijivu. Nimekua nikilala kwa sauti ya kigari kile.

Kwa muda sasa macho yake yanachoka usiku, kwa hiyo nikiwa nyumbani kazi yangu ni kumsomea daftari. Ni daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kila ukurasa ana safu tano alizozichora kwa kalamu: jina, shule, kifua, kilicholipwa, kilichobaki. Majina mengi si majina. "Mama wa mapacha, 2, kifua 26." "Yule wa dukani, mtoto kakua, ongeza inchi 2." "Baba wa Lupembe, atalipa akiuza viazi."

Nilipoanza kumsomea jioni ile nilikuwa nasoma namba tu. Siku ya tatu nilianza kusoma kama nilivyofundishwa kusoma, na nikaona kwamba hii nayo ni almanaka. Mwaka wake unaanza Novemba, oda za shule zinapoanza kuingia. Unapanda Desemba, unafurika Januari shule zikifunguliwa, unakauka Machi. Unapanda tena Mei, kwa sababu muhula wa pili unaanza Julai na baridi inakuja. Agosti ni mwezi wa madeni. Kuna miezi ambayo ukurasa ni mweupe, na miezi ambayo ameandika mpaka pembeni. Kama Zimmermann, naye anafahamu kwamba watu huchelewa: nyuma ya daftari kuna ukurasa wa "haraka", wa wazazi wanaokuja siku moja kabla shule kufunguliwa. Na kama yeye, haamini namba za kutumiwa. Nilipomweleza kanuni ya asilimia, mkono ni theluthi ya mwili, alinitazama kwa huruma. "Mkono ni theluthi," alisema. "Wewe ulidhani ni nini?" Alifundishwa na shangazi yake, ambaye hakuwahi kuandika chochote.

Halafu nikafika kwenye mstari ambao sikuuelewa. Safu ya jina: "Mimi." Safu ya shule: hakuna. Kifua: 42. Kisha kwa mwandiko mdogo: "Kijani. Baada ya oda."

"Mama, huyu 'Mimi' ni nani?"

"Mimi ni mimi. Soma kinachofuata."

Nilisoma kinachofuata. Alipokwenda kulala nilichukua madaftari ya zamani kutoka kwenye sanduku la vitambaa. Mstari ule ulikuwa umeanza mwaka 2016. Kila Novemba, alipokuwa akihamisha madeni kwenda kwenye ukurasa mpya, aliuhamisha na wenyewe pamoja na ya wengine. "Mimi. Kijani. Baada ya oda." Mara nane. Uzi wenyewe ulikuwemo ndani ya sanduku lile lile, chini kabisa, umefungwa kwenye mfuko wa rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019. Uzi ulikuwa umeingia humo kabla.

*

Hapa ndipo nilipoanza kugombana na kitabu nilichokipenda.

Nikiwa na hasira, na saa sita za usiku, nilitaka kuandika kwamba Almanaka ni kitabu cha mtu mwenye nafasi, na daftari ni kitabu cha mtu asiye na nafasi, basi. Asubuhi niliona kwamba hilo si haki. Zimmermann naye alikuwa fundi. Aliuza uzi, aliuza vitabu, alijibu barua za wateja. Ile sweta ya Januari yenye nakshi za Aran ambayo kitabu kinatualika tuifume kwa raha ilikuwa pia bidhaa, na anayeisoma ni mteja. Alikuwa mwanamke anayefanya biashara kutoka nyumbani kwake, kama mama. Tofauti ya wanawake hawa wawili ni ndogo kuliko nilivyotaka iwe usiku ule.

Tofauti kubwa iko kwenye maandishi. Almanaka inaionyesha raha na kuificha kazi. Miezi inapita mmoja baada ya mwingine kama vile hakuna aliyelipwa wala anayedaiwa, na msomaji anaondoka akiamini kwamba mwaka mzima uko wazi mbele yake kama meza tupu, akimaliza kuchagua rangi ameshamaliza kupanga. Daftari la mama linafanya kinyume. Kila mstari una bei, kila bei ina baki, na raha imebanwa kwenye neno moja lisilo na bei wala tarehe.

Tunaposema "miradi binafsi" ya kufuma, neno gumu ni hilo la pili. Kitabu kinakufundisha kuhesabu vitanzi, inchi, mizunguko na gramu za uzi. Kitu kimoja hakihesabu, nacho ndicho kinachotangulia vyote: siku. Siku za kufuma shali ya vitanzi 576 zimetoka wapi? Kuna mtu amepika. Kuna mtu amekaa na mtoto. Kuna oda imekataliwa, au kuna oda haikuwepo. Mimi nilipochora jedwali langu Januari, siku zangu zilikuwa zimelipiwa, na niliyemsomea daftari ndiye aliyekuwa amezilipia. Ada ya mwaka wangu wa kwanza ilitoka kwenye safu ya nne ya kurasa zile. Ninazo tarehe, nikitaka nitazionyesha: sweta za shule fulani, 40, na wiki ile ile fedha ikaingia kwenye simu yangu.

Basi mstari wa "Mimi" haukuwa ukihamishwa na uvivu wala na bahati mbaya. Ulikuwa unahamishwa ili mistari mingine ipite, na mmoja wa iliyopita ulikuwa wangu.

*

Nilifanya ambalo mtoto yeyote angefanya. Nilimwambia nitamfumia. Kwenye jedwali langu nilikata shali ya Julai, nikaandika: sweta ya kijani, ya Mama, kifua 42. Nilijisikia vizuri sana kwa muda wa dakika kumi.

"Unifumie wewe ya nini?" alisema. Alikuwa anamenya viazi. "Mimi ndiye fundi."

Nikasema ni zawadi.

"Sweta ya kuvaa ninayo, nimenunua mnadani, nzuri tu. Sijakosa sweta mwanangu. Nimekosa wiki tatu."

Nimesoma nadharia kwa miaka miwili na sijaona hoja iliyonyooka kama hiyo. Zawadi niliyotaka kumpa ingeniacha mimi na raha ya kufuma, na yeye angebaki na mashine. Ningekuwa nimempokonya hata kile alichokuwa akikihamisha kwa miaka minane, maana alichokuwa akikihamisha kilikuwa kazi yenyewe: kukaa na uzi wake, kwa sindano, bila mzazi wa mtu kusimama mlangoni.

Kwa hiyo Juni nilikaa kwenye mashine. Oda zilikuwa 34. Nilipokuwa mdogo niliijua kazi ile, lakini mkono husahau. Sweta mbili za kwanza zilirudishwa, mikono haikulingana, na mama alizifumua akiniangalia bila kusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kusema. Tasnifu ilikaa kwenye kompyuta. Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba nitachelewa, nikakumbuka Desemba ya Zimmermann, nikachelewa bila aibu.

Mama alikaa karibu na jiko la mkaa, akaanza. Hakutumia mashine. Alisema mashine ni ya sweta za watu. Jioni ya kwanza alifuma vidole vinne vya kitu, akakitazama, akakifumua chote. Nilitaka kusema kwamba siku zinakwenda. Sikusema. Jioni ya pili alianza tena kwa ukingo mwembamba zaidi. Alifuma polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kitu chochote. Wakati mwingine aliweka sindano chini, akakaa tu, uzi ukiwa mapajani. Wateja walipokuja niliwapokea mimi. Mmoja aliuliza, "Mama anaumwa?" Nikakumbuka kondakta wa daladala.

Nilimwonyesha kitabu pia. Nilimtafsiria sura ya Novemba, ile ya soksi za wayo unaobadilishwa, na aliipenda. Aliniomba nirudie mara mbili, akachora kwenye jalada la daftari. Sura ya Julai aliisikiliza mpaka mwisho, vitanzi 9 mpaka 576. Akauliza swali moja.

"Huko kambini, alipokuwa anafuma, moto anakoka nani?"

Sikuwa na jibu, na kitabu hakikuandikwa ili kulijibu.

*

Je, nakipendekeza kitabu? Ndiyo, kwa yeyote anayefuma na yeyote anayeandika. Anayefuma atajifunza kuuliza kwa nini. Anayeandika atajifunza kwamba maelekezo yanaweza kuwa fasihi bila kuacha kuwa maelekezo, jambo ambalo sisi wa idara za fasihi tumelisahau, ingawa Mwana Kupona alituonyesha miaka zaidi ya mia moja na hamsini iliyopita. Ila kisomwe na daftari pembeni. Kabla hujachora vyumba kumi na viwili, chora safu ya tano, ile ya baki. Andika humo ni nani aliyekulipia mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kama hakuna jina litakalokuja, angalia tena.

Mwaka huu sikuchora jedwali. Kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa Almanaka nimeandika mambo matatu kwa penseli. Kumaliza sweta ya sentimita kumi na tano, ambayo sasa ina sentimita arobaini. Kukabidhi tasnifu. La tatu linasema: Juni, Njombe, mashine.

Sweta ya kijani haikumalizika. Mwili ulikwisha, shingo ikakaa vizuri, mkono wa kulia ukakwisha wiki ya kwanza ya Julai. Halafu shule moja ilileta oda ya dharura, mimi ikanibidi nirudi Dar, na mama akarudi kwenye kigari. Novemba alinitumia picha kwa simu. Ilikuwa ukurasa mpya wa daftari, safu tano, mistari imeanza kujaa. Wa kwanza juu, kabla ya mama wa mapacha, aliandika: "Mimi. Kijani. Umebaki mkono mmoja."